Sentimita ya Juu

Ziwa halina jina kwenye ramani.
Juvvá analo, la Kisami, la babu yake.
Alitoboa barafu kwa keekee,
tukazamisha bomba, tukavuta tope
refu kama mguu wa mtu, lanuka mayai viza.
"Usubi?" akacheka. "Damu yangu wamekunywa yote,
nawe wawatafutia vichwa?"
Hawa hawaumi, nikamwambia.

Sasa Helsinki: hadubini, koleo.
Miili imeoza, vichwa vya mabuu vimebaki,
vidogo kuliko chenga ya uwele,
kila kimoja na meno yake.

Chini kabisa, wapenda baridi,
waliohamia barafu kuu ilipojiondokea.
Shubiri moja juu, msonobari umefika
na wageni wa maji vuguvugu.
Kisha baridi ikarudi; wenyeji nao,
kama walioacha ufunguo kwa jirani.

Sentimita ya juu ni umri wangu.
Wapenda baridi: wawili.
Nahesabu upya.
Wawili.

Julai, Juvvá kwenye simu:
mbu wamewahi, kulungu wake wanakimbilia theluji ya mlimani,
theluji yenyewe upana wa mkeka.
"Na lile tope letu?"
Bado nahesabu, namwambia.