Nusu Digrii

Nimeipata, yasema darubini.
Hilja Raudsepp anachungulia simu: weusi,
na nyota mbili tatu asizozijua jina.
Aliomba pete ile ya moshi iliyomo Kinubi.

Tartu, ghorofa ya tatu, roshani ya mbao.
Baridi inang'ata vitasa.
Anaanza upya. Saa: sahihi hadi sekunde.
Pima maji: kiputo kimetulia katikati kama mboni.
Dira hakuiamini; akaihamisha darubini na miguu yake mitatu
mbali na reli ya chuma.
Akafuta umande kiooni kwa ncha ya skafu.

Nimeipata.
Hujapata kitu, we mwongo wa plastiki.

Akaingia ndani kuchemsha chai, kwa hasira,
simu akaitupa kando ya sukari.
Maji hayajatokota: pete!
Ndogo, ya kijivu, punje ya dengu iliyotobolewa.

Akakimbilia nje. Ikapotea.
Akarudi jikoni, polepole. Ikarudi.

Akasimama mlangoni, mguu ndani mguu nje,
akausikiliza ubao ukilia chini ya soksi:
unazama unywele tu,
na huko juu unywele ni nusu digrii.

Miaka arobaini alikaza nyuzi za piano za watu
akiwaambia wenye nyumba, tokeni kwanza,
mnanichafulia sauti.

Lile la nyani na kundule, basi.
Akavua miwani, akacheka peke yake,
akafunga mlango taratibu
mbingu zifanye kazi.