Toa Tano

Mume wangu Muhenna husubu timazi za waashi uani,
nyuma ya nyumba yetu ya Ibra,
na miaka yote kipimajoto chake kilikuwa kijiti cha kiberiti:
akikitia, kikigeuka kahawia, tayari;
kikiwaka, amechelewa.
"Risasi husomi," husema. "Risasi unaizoea."

Mimi nimesoma homa za watu miaka ishirini na minane,
wodi ya watoto, zamu ya usiku.
Sikuwahi kumwambia mama yeyote: mwanao nimemzoea.

Siku moshi ulipopanda wa manjano,
akaingia ndani kichwa kinamgonga, ulimi una ladha ya sarafu,
nikamwambia, kuanzia leo tunapima.

Tukaanza na kilichokuwemo mkobani.
Kile changu cha kwapani hukoma arobaini na mbili;
zaidi ya hapo mwenye mwili hahitaji tena nesi.
Cha zebaki nilikataa hata kukigusa.
Zebaki nayo ina pa kuchemkia,
si mbali na pale risasi inapolegea,
na kioo kikipasuka una sumu mbili katika karai moja.

Hamdun mpika halwa akatuazima chake,
kirefu, sukari imeganda shingoni.
Mia mbili, mwisho.
Mia mbili kwa risasi ni usingizi:
inakutazama tu, kijivu, haina habari nawe.

Kijana wa duka la Ruwi akatuuzia bastola.
Ukibana, nukta nyekundu inatua, namba inatoka papo hapo.
"Hata jua inapima, mama."
Tukaielekeza karaini. Mia na arobaini, ikasema,
na huku risasi inacheza kama maji.
Uso wake ni kioo, na bastola ilikuwa inapima mbingu.
Nikailenga ubavuni mwa karai, penye masizi:
mia nne na kumi.
Yaani husema kweli mbele ya weusi,
mbele ya mng'aro hubabaika.
Nimewahi kufanya kazi na daktari wa namna hiyo.

Alhamisi tukaenda soko la Sinaw.
Baina ya mbuzi na visu, juu ya turubai la vyuma chakavu,
palikuwa na saa yenye mkia,
mkia wa chuma urefu wa mkono wangu,
imetoka kwenye mitambo ya mafuta, namba hadi mia tano na hamsini.
Kioo kina ufa. Riali sita; tukatoa nne.
Nikasema, hii.
Haina betri ya kufa katikati ya kazi.
Mkia unazama ndani, haukisii kutoka mbali,
na uso wa kusoma unabaki huku, kwetu, penye hewa.

Mkia tuliupasha juu ya moto kwanza,
maana tone la maji chini ya risasi
hukurushia karai zima usoni,
na jasho nalo ni maji.
Mjukuu tukamfungia ndani, akalia.

Kisha tukayeyusha bomba kuukuu, risasi tupu,
si zile za magurudumu anazotupa Shaji wa matairi,
zilizochanganywa na sijui nini.
Tukazima moto. Mshale ukashuka, ukashuka,
ukasimama.
Risasi safi inapoganda ina kituo chake, mia tatu ishirini na saba,
haijali soko wala msimu.
Wetu ulisimama mia tatu thelathini na mbili.

"Kibovu," akasema Muhenna. "Kirudishe."
Rudia, nikamwambia.
Mara ya pili, thelathini na mbili. Ya tatu, vilevile.
Hiki kinaongopa tano, tena tano zilezile.
Nikaokota mkaa, nikaandika ukutani:
TOA TANO.

Timazi mbili za mwanzo zilitoka na vishimo, kalibu ilikuwa baridi.
Ya tatu ilitoka laini. Akaining'iniza, akanyamaza,
akausoma ukuta, akacheka peke yake.

Akiniambia atarudi adhuhuri, mimi hupakua alasiri.
Miaka thelathini na mmoja.
Sijamrudisha Sinaw.