Mahameli

Mamangu aliuza matumbo Kongowea,
beseni la buluu, kisu butu, bao la mwembe.
Mikono yangu ilisomea hapo:
geuza utumbo ndani-nje kama soksi,
mwaga chumvi, kamua ndimu,
kwaruza
hadi ule utelezi uishe,
hadi ung'ae kama sahani ya mgeni.
"Utumbo usiokwaruzwa," akisema, "ni aibu mezani."

Leo nimevaa glavu, nina koleo ndogo ya chuma.
Chumba cha mwisho kwenye korido, feni yalalama,
nje kunguru wagombea makombo ya wodi.
Nyevu, mwanafunzi wangu kutoka Kaloleni,
amepokea kipande moja kwa moja toka upasuaji,
namba mia nne na saba, mvulana, miaka tisa,
na tayari kidole chake chatafuta pa kusugua.

Weka chini, namwambia. Hapa hatukwaruzi.

Ule utelezi mamangu alioutupa mtaroni
ndio tuliotumwa kuutafuta.
Mahameli yenyewe hiyo:
vidole vidogo, maelfu, vimesimama
vikinywa uji wa mtoto, chai yake, mkate wake wa mofa.
Sugua mara moja tu, umefuta ushahidi.

Suuza kwa maji baridi yenye chumvi kidogo,
kiasi cha chumvi ya machozi.
Pasua kwa urefu, tandaza juu ya koki,
bana pini pembeni. Usivute.
Utumbo una kiburi: ukiuachia wajikunja,
na ukijikunja ndani ya fomalini
utabaki hivyo, kama maiti aliyekufa amenuna.

Na upesi! Joto la Mombasa halina subira.
Nyama iliyotoka mwilini saa nne
kufikia adhuhuri yajila yenyewe,
na vidole ndivyo vya kwanza kuyeyuka.
Mwezi jana kichupa kilitoka Likoni,
feri ilikwama, fomalini ilikuwa chache kuliko nyama.
Chini ya lenzi tukaona ukungu wa waridi.
Nikaandika kwenye fomu: haisomeki.
Neno dogo. Mtu akarudi kukatwa tena.

Basi fomalini, usiku na mchana.
Kisha spiriti, hafifu kwanza, kali baadaye,
maji yatoke kwa kubembelezwa.
Kisha zailini. Kisha nta ya moto.
Mamangu angecheka: siku tatu jikoni
kwa kitu kisicholiwa.

Siku ya kukata, stima zikapotea tangu alfajiri.
Nta ikalegea kama halua juani.
Nyevu akakimbia Marikiti kwa muuza samaki,
akarudi na mfuko wa barafu unaonuka nguru.
Tukalilaza bonge la nta juu yake, likashika.
Stima ziliporudi, feni niliizima mwenyewe:
maikroni nne, wembamba unaoshinda ganda la kitunguu,
pumzi yatosha kuupoteza.
Utepe ukaelea juu ya maji vuguvugu,
mikunjo ikajinyoosha.
Nyevu akauopoa kwa kioo. Ukachanika.
Wa pili ukameza kiputo.
Wa tatu sikumwambia kitu.

Zambarau kwa viini, waridi kwa vilivyobaki.
Akainama kwenye hadubini
akanyamaza muda mrefu.
"Vimesimama," akasema. "Vyote... la. Ngoja.
Huku vimelala."

Nikatazama. Kweli: msitu wima,
vikombe vyeupe vya ute kati ya majani,
halafu ghafla uwanja mtupu, mpaka wake waonekana wazi
kama ukingo wa mkeka.
Hapo daktari ataanzia.
Sisi twaishia hapo, kioo kikiwa safi.

Jumapili mamangu, mgongo umemgomea,
akanisogezea beseni la buluu na kile kisu.
Nikageuza ndani-nje. Kidole kikasita
juu ya ule utelezi.
"Wangoja nini?"

Nikakamua ndimu.