Robo Kilo ya Chumvi

Kaka Ruhomvya,
orodha yako nimeipata, nimeisoma mara mbili,
mara ya pili nikiwa na miwani:
maji, umeme, shule karibu, mtandao wa kasi,
ukuta, geti, na "mazingira tulivu."
Hilo la mwisho nimelitafuta siku nne kwa miguu.

Bangwe kuna nyumba, kweli, na upepo.
Ukifungua dirisha ziwa linaingia mpaka sebuleni.
Hapo nasema kwa mfano.
Kibirizi si mfano:
maji yalipanda yakakaa kwenye vyumba vya watu
kama mgeni asiyejua kuaga,
na nimeona mlango mmoja umesimama peke yake ziwani,
umefungwa kufuli.
Mwenye ufunguo, wanasema, bado anatembea nao mfukoni.

Gungu nilipelekwa na dalali, Bitebo,
pikipiki haina breki, na ulimi vilevile.
Akanionyesha vigae, choo cha ndani,
ukuta unaomficha hata twiga.
"Hapa, mama, jirani hakusumbui."
Nikamuuliza jirani ni nani.
Akatazama ukuta wa kushoto, akatazama wa kulia,
akawasha pikipiki.

Mwanga kuna kila kitu, na kila kitu kina spika.
Nililala huko kwa binamu;
saa nane za usiku bado tunatangaziwa dawa ya mende.
Solange na kipandauso chake asingeweza.
Halafu uliniandikia kwamba yule mdogo anashtuka kelele.
Hukusema kwa nini. Sikuuliza.

Wewe unapima mtaa kwa dakika za kufika mjini.
Mimi nilitoka na kipimo kingine, usinicheke:
naingia dukani, naomba mche wa sabuni,
kisha nauliza, "Mnakopesha?"
Kuna mtaa wamebandika karatasi:
kukopa harusi, kulipa matanga.
Kuna mtaa waliniangalia viatu kwanza.

Buzebazeba kuna duka la mabati,
kijana wa jezi ya kijani, anaitwa Songoro,
anapima mawese kwa kikombe, dagaa kwa sado.
Daftari lake limenenepa, limefungwa kamba ya katani.
Akalifungua bila kuona haya:
Mama Hidaya, mkate. Fundi Mrisho, misumari, kalipa nusu.
Marehemu Chubwa, sukari.
"Huyu hatujamkata jina," akasema,
"wanawe wanalipa kidogo kidogo."

Nyumba yenyewe? Usitarajie makubwa.
Vyumba vitatu, bati jipya mbele, kuukuu nyuma.
Bomba linatoa Jumanne na Ijumaa, likikumbuka.
Geti hakuna; kuna ua wa michongoma
na upenyo ambao mbuzi wa jirani anaujua.
Kengele ya shule inasikika.
Na kabla hujauliza: hapana, si karibu na kwangu.

Ila mvua ikishapita, hewa ikanawa uso,
ukisimama penye jiwe la kufulia
unaiona, kati ya michikichi miwili, milima ya Kongo.
Solange asiambiwe.
Aione mwenyewe, sufuria mkononi.

Kodi ya miezi sita nimelipa, risiti ninayo.
Na jambo moja nimelifanya bila ruhusa yako:
nimekopa robo kilo ya chumvi kwa jina lenu.
Songoro aliandika polepole, akiniuliza herufi,
akamalizia kwa mstari wake mwenyewe:
"Wako njiani."

Hela ya kulipia usinitumie, nitairudisha.
Shukeni kwenye treni na vumbi lenu,
oga, kula, lala.
Kesho yake umtume yule mdogo.
Ashike sarafu kiganjani, aende peke yake,
ni hatua arobaini, nimezihesabu,
amtajie Songoro jina lake.