Vifungo

Aliniletea picha ndani ya bahasha ya benki,
ndogo kama karata, pembe moja imeliwa na kutu
ya kopo la kahawa lililoitunza miaka sabini.
Tellervo Räihä hakutaka kukaa. Theluji ikimyeyukia mabegani,
akasema: Wewe ni fundi nguo, si fundi ndege.
Tazama tu.

Nikatazama.
Kijana ameketi juu ya bawa, buti zinaning'inia,
kichwa wazi kwenye baridi ile,
anamchekea mtu asiyeonekana pichani.
Mkono wa kulia umeshika kikombe cha bati. Vidole vinne.
Mkiani mwa ndege tarakimu moja tu
imechungulia nyuma ya bega lake: nane.
Na mgongoni mwa picha, kwa penseli:
Machi. Kahawa ya uongo.
Jina hakuna.

Wajuzi walikwisha kuipitia.
Mmoja alisoma mabomba ya moshi,
mwingine umbo la kioo cha rubani,
wa tatu akahesabu misonobari ng'ambo ya uwanja.
Wote wakasema: huyu si mjomba wako Armas.
Armas, akiwa na miaka tisa, aliacha kidole cha mwisho
kwenye msumeno wa baba yake, mkono wa kushoto.
Huyu kapungukiwa kulia.
Pole, mama.

Mimi injini sizijui.
Nimeshona makoti tangu mama mkwe alipokuwa mwenye duka,
na macho yangu humwendea mtu kifuani yenyewe,
kama ulimi uendavyo penye pengo.
Koti la mwanamume hufungwa kushoto juu ya kulia.
La huyu, kulia juu ya kushoto.
Nani angemshonea rubani koti la kike
katikati ya vita, kitambaa chenyewe kwa kadi?

Nikachukua kioo cha wateja,
nikakisimamisha mezani, picha ikitazamana nacho.
Vifungo vikarudi kwao.
Kikombe kikahamia mkono wa pili.
Nane ikabaki nane, haina kushoto wala kulia,
ndiyo iliyotupumbaza sote.
Mtu fulani kwenye chumba cha giza,
pengine vidole vimekufa ganzi,
aliilaza filamu kifudifudi.

Hapo Tellervo akakaa, bila kuambiwa.
Hakulia. Aliinamia kioo kama mtu asomaye bei.
"Njia ya nywele," alisema.
"Mama akimchana kaka yangu, aliipasua upande huu huu.
Kama yule, alikuwa akisema.
Tukimuuliza yule nani, kitana kinavuta kwa nguvu."

Ghuba ilimmeza Armas mwaka mmoja
kabla Tellervo hajazaliwa.

Akaomba nisikiondoe kioo, bado kidogo.
Nje trekta lilikuwa likisukuma theluji kuelekea kanisani.
Nikaenda jikoni kuchemsha kahawa,
ya kweli.