Mwenye Kifaa

Baba hakutupa kitu. Arobaini ilipokwisha
nilifungua kufuli la banda lake, Ngamiani,
na vumbi likanipokea kama mwenyeji.
TV za chogo saba zimepeana visogo
kama wake wenza walionuniana.
Pasi. Deki mbili za kanda. Feni iliyobaki shingo.
Ndoo ya betri zilizotoa ute mweupe.
Na kila kimoja kimefungwa uzi na karatasi
yenye mwandiko wa baba, ulioegemea kushoto:
Bi Mwanasiti, Chumbageni – haishiki stesheni.
Sempoli wa Muheza – inanguruma tu.
Mwalimu Kihiyo – amesema atarudi Ijumaa.

Ijumaa ya mwaka gani, baba?

Wa kwanza kunusa alikuwa Chande wa mkokoteni.
Alikuja na mizani na noti zilizokunjwa.
"Nipe vyote kwa mkupuo. Nyaya nitazichoma usiku
kule nyuma ya dampo, kukicha ni shaba tupu."
Nilimtazama vidole: weusi usiotoka kwa sabuni.
Kikohozi chake kilitangulia kila bei.
Hamsini elfu. Sikusema ndiyo.
Moshi ule naujua, hutambaa na umande,
huingia vyandaruani kabla ya adhana.

Wa pili mtendaji wa mtaa, Bi Nuru Shekalaghe,
faili kwapani. Akanisomea sheria kwa kidole:
usifukie, usichome, usitupe jalalani,
usimuuzie asiye na kibali.
"Na kioo cha chogo kina risasi," akasema,
nami, mjinga, nikainama kutafuta tundu.
"Si ya bunduki hiyo. Hii hunyweka.
Hushuka ardhini polepole mpaka ikutane na kisima."

Akaniachia fomu.
Aina ya kifaa: niliandika.
Uzito: niliazima mizani ya Chande, akanidai soda.
Mwenye kifaa:
hapo kalamu ikagoma.

Serikali imeuliza leo
alichouliza baba kila asubuhi, miaka thelathini,
kabla hajagusa skrubu.

Nikaanza kupiga simu.
Bi Mwanasiti amekwisha fariki. Mwanawe alicheka,
kisha akanyamaza, kisha akauliza
kama redio bado ina kile kitambaa cha kudarizi.
Namba ya Muheza haipatikani.
Mwalimu Kihiyo alipokea mwenyewe, kwa sauti ya darasani:
"Mwambie baba yako nakuja Ijumaa."
Sikumwambia. Nilisema, haya, Mwalimu.
Nilipochoka niliijaza safu nzima:
hayupo, hayupo, hayupo.

Gari la mwenye kibali lilifika Jumanne.
Hawakunilipa hata senti; mimi ndiye niliyelipa
nauli ya mzigo mpaka Dar.
Vijana wawili wenye glavu walizibeba chogo zile
kwa hatua za wabeba jeneza,
ingawa mmoja wao alikuwa anapiga mluzi.
Chande kasimama ng'ambo, mikono kiunoni.
"Umetupa shaba, dada."
Nikamwambia wale wanatafuta mtu
wa kufungua vyuma mchana, bila moto, kwa mshahara.
Akatema mate pembeni.
Hatua tatu, akageuka: "Mshahara gani?"

Ijumaa, Mwalimu Kihiyo akaja.
Mkononi kijikaratasi cha baba, kimekuwa rangi ya chai.
Rafu ilikuwa tupu, ina miraba ya rangi mpya
pale vitu vilipokaa bila kusogea.
Nilimweleza yote, la baba kwanza.
Alikaa kwenye stuli ya fundi, akavua miwani, akaivaa.
Nikampa nakala ya fomu, yenye mhuri.
Aliisoma mara mbili kama insha ya mtoro,
akatoa kalamu nyekundu mfukoni,
akalitafuta jina lake, na mbele yake
akakata hayupo, akaandika yupo.

Kisha akauliza anadaiwa kiasi gani.