Daftari la Mvua

Daftari hili lilikuwa la madeni.
Kurasa za mwanzo zina mwandiko wa marehemu mume wangu:
sukari nusu, Nyevu;
mafuta ya taa, Thoya wa kisimani;
na msalaba mdogo mbele ya jina la aliyelipa.
Misalaba ni michache.

Nilipopewa kipimamvua,
kichupa chenye mistari, juu ya kigingi,
sikununua daftari jipya.
Nilifungua palipobaki peupe, nikaandika:
Langobaya, Machi, tarehe mosi: sufuri.
Mbingu nayo nikaitia kwenye orodha ya wadaiwa.

Kila saa moja asubuhi, kabla sijafungulia kuku,
nainama, nafumba jicho moja, nasoma.
Sufuri. Sufuri. Tatu.
Majirani wakacheka: Mbodze anampimia Mungu kwa kikombe!
Simpimii Mungu, nikawaambia.
Najipimia mimi,
nisije nikamwaga mbegu vumbini mara ya nne.

Mvua ya masika sisi tunaiita mwaka,
kwa kuwa ikipotea, mwaka mzima umepotea.
Mama alipanda kwa kunusa upepo.
Pua yake ninayo,
ila upepo wa siku hizi umejifunza uongo.
Mwaka juzi ulileta wingu, likatuchungulia, likapita;
Novemba likarudi na hasira za watu wengine,
Sabaki ikapanda hadi kwa Ngumbao,
ikala migomba,
ikamwachia tope na kiatu kimoja cha mtu wa bara.

Kisha likaja gari, na mbegu za mahindi
katika mifuko inayong'aa,
picha ya hindi nene kama paja la mtoto.
Kijana mwenye kofia akasema: mama zangu, tumekuja kuwasaidia.
Tukapiga makofi. Makofi hatujawahi kupungukiwa.
Nikauliza: hindi lako lakaa siku ngapi shambani?
Mia na ishirini, mama, likipata maji vizuri.
Nikafungua daftari.
Mvua iliyopita ilikaa siku thelathini na nane.
Ya kabla yake, arobaini na moja.
Ya kabla ya hiyo, soma mwenyewe.
Siku zilizobaki hindi lako litakunywa nini,
makofi?

Hakukasirika, na kwa hilo namsifu.
Alivua kofia, akakalia kinu kilichopinduliwa,
akanakili ukurasa kwa ukurasa;
hata sukari ya Nyevu aliinakili.
Wiki ya tatu akarudi kwa bodaboda
na magunia mawili:
pojo ya siku sitini,
na mtama mfupi ambao bibi yangu
angeuita kwa jina lake.

Hiribae naye,
ambaye ng'ombe wake walikula muhogo wangu,
tukaitana kwa chifu, tukatukanana kwa lugha mbili,
alikuja jioni akasimama nje ya ua.
Walikuwa sitini. Wamebaki kumi na wawili.
Mabua yako, akasema, usiyachome.
Nikampa ukurasa wake:
mabua, mizigo ishirini;
samadi, mikokoteni mitatu.
Amenipunja mkokoteni mmoja.
Nimeuandika.

Sisemi tumeokoka.
Nusu ya pojo ililiwa na wadudu,
kisima cha Thoya kimeingia chumvi,
na wajukuu wangu wawili wako Malindi mjini
wanasukuma maji ya kuuza.

Leo alfajiri nilisikia bati likigongwa.
Nikajizuia kitandani mpaka saa moja,
kama mtu aliyebishiwa hodi na mdaiwa wake
asitake kuonekana ana njaa.
Nikatoka, nikainama, nikafumba jicho:
kumi na saba.

Nikaandika. Tone likadondoka kutoka kwenye kanga,
likafuta nusu ya ile saba.
Nikaiandika tena, nikaikoleza.

Msalaba bado sijaweka.